Wangeci Anastaafu, Mteremko wa Kingoni Unabaki

Bi. Wangeci Mureithi, ambaye mtaani kote ni Mama Shirleen, anastaafu tarehe thelathini na moja Julai baada ya kuwa mtunzaji wa Ukumbi wa Jamii wa Kingoni na uwanja wake kwa miaka thelathini na miwili. Umri wa kustaafu umefika. Sauti yake bado. Juzi tu alimkaripia dereva wa lori aliyetaka kugeuzia gari uwanjani, na lori likarudi nyuma lenyewe kabla dereva hajatia gia. Nilikuwepo.

Mimi niliyepewa kazi ya kuandika haya ni Laban Mbuthia, mkufunzi wa ndondi katika ukumbi huo huo, yule watoto wanamwita Anko Laban. Shule niliachia darasa la saba, lakini kwa kueleza mambo sijaona profesa wa kunishinda, na wawili wameshajaribu. Kamati ya sherehe hii ya kumuaga iliniambia niandike maneno matamu. Yatakuja. Lakini nina hasira, na hiyo pia nitaiandika, kwa sababu Mama Shirleen amesema nisipoiandika atashika kipaza sauti yeye mwenyewe, na hapo wageni watatafuta mlango.

Kwa wale ambao hawajawahi kushuka huku: uwanja wa Kingoni unaanzia juu kwenye kuta za nyumba za zamani za Shauri Moyo na kuteremka hadi mtoni. Si kuinama kidogo. Ni mteremko. Ukiweka mpira katikati na kufunga kamba ya kiatu, ukiinua kichwa mpira haupo. Juu ni vumbi na kokoto, chini ni matope hata mwezi wa jua kali. Karibu na katikati umesimama mlingoti wa stima ambao hakuna ofisi iliyowahi kukubali kwamba ni wake, basi tumeuhesabu kama beki. Bomba la maji ni moja. Ukivuka kidaraja umeshaingia upande wa Gikomba, kwa maseremala na wauza mitumba, na huko ndiko mipira yetu yote ilitaka kwenda kuishi.

Mwaka mmoja mimi mwenyewe, nikiwa nimevaa viatu vya kanisani, nilipiga mpira kutoka lango la juu. Ukavuka mto, ukapita juu ya maseremala, ukaingia katikati ya belo la mitumba lililokuwa likifungwa saa hiyo hiyo. Belo likapakiwa, likaenda Machakos. Wengine wangesema pole. Mama Shirleen aliniangalia tu akasema, "Mbuthia, umepiga wewe, utaufuata wewe." Nikapanda gari hadi Machakos. Nilirudi na mpira, na koti zuri la sufu juu yake.

Tangu siku hiyo ikawa sheria ya kambi yetu ya likizo ya watoto: anayepiga juu anaufuata mwenyewe. Ndiyo maana watoto wa Kingoni hucheza mpira wa chini, pasi fupi fupi, mguu kwa mguu. Wachambuzi wa redio wakiona hivyo husema ni falsafa. Falsafa gani? Ni kuogopa kutumwa Gikomba.

Sheria ya pili ilitokana na ugomvi. Timu mbili zilipigania kushambulia kuelekea chini, maana anayeshuka ana mabao ya bure na anayepanda ana pumu. Ngumi zikaanza. Mimi nilikuwa tayari kuzitenganisha kwa mkono mmoja, lakini Mama Shirleen alifika kwanza, akachukua mpira, akaukalia. Akaukalia hadi wote wakanyamaza. Kisha akatoa hukumu: bao likiingia, pande zinabadilishwa. Kila bao. Asiyetaka akacheze barabarani na magari. Kizazi kizima kimekua kikijua mpira ni hivyo: ukifunga, unachukua chupa yako ya maji na kwenda upande wa pili.

Kambi yetu ya likizo ya Agosti aliianzisha yeye, na haikuamriwa na mtu yeyote kutoka ofisi inayosimamia ukumbi. Ratiba yake ilipangwa na mtaa. Wakubwa walicheza asubuhi na mapema kabla vumbi halijaamka. Wadogo waliletwa na mama zao wakishuka sokoni na kuchukuliwa wakirudi. Nduta, ambaye alimsaidia mamake kupanga viatu vya mitumba hadi saa nne, alikuwa na kundi lake la saa nne na nusu, na kundi hilo lilijaa watoto wenye kazi kama yake. Kutoka Huruma walikuja kwa miguu, kwa sababu kwao ghorofa zimemeza hata mahali pa kurusha jiwe. Hakuna aliyeulizwa ana viatu gani. Mama Shirleen aliuliza swali moja tu langoni: "Umekula?"

Sasa nieleze habari ya chumba, kwa sababu hasira yangu inakaa humo.

Miaka ya mwanzo wasichana kambini walikuwa wachache, wa kuhesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Siku moja akaja Habibo, mama mwenye duka la vitambaa, amemshika mkono binti yake Hibo. Msichana alikuwa na miguu ya swala, hata kipofu angeisikia. Habibo akasema, "Mama Shirleen, huyu anataka kukimbia, sawa. Lakini atabadilisha nguo wapi? Hapo nje, watu wa mikokoteni wakitazama?"

"Mama Hibo, nipe hadi Jumatatu," alijibu.

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na chumba cha viti vya ofisi. Mama Shirleen alitoa viti vyote nje, akapaka vioo vya madirisha rangi hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu, akaweka komeo kwa ndani, akavuta mpira wa maji kutoka bombani na kuweka ndoo na kioo. Komeo nililipigilia mimi, na nililipigilia hivi kwamba hata kifaru akijaribu ataomba msamaha. Afisa alipokuja na kukuta viti vinanyeshewa alifoka kweli kweli. Mama Shirleen akamwambia, "Bwana, viti havina aibu. Wasichana wanayo."

Agosti iliyofuata wasichana walikuwa wengi hadi wavulana wakaanza kulalamika kwamba wanaonewa. Wenye hijabu, wasio na hijabu, wa Huruma, wa Shauri Moyo, wote kwa foleni ya komeo moja. Watu husema wasichana wa mitaa yetu hii ya Eastlands hawapendi michezo. Uongo. Walikuwa wanangoja mlango unaofungika.

Basi, miaka baadaye, tukaalikwa kwenye mashindano ya kambi za likizo, katika shule moja ya upande wa matajiri. Sitaitaja, si kwa sababu ninaogopa. Uwanja ulikuwa bapa kama meza, nyasi za kijani, vyumba vya kubadilisha vyenye maji ya moto. Kipa wetu Hamse alilala kwenye nyasi kifudifudi akasema, "Anko, hapa mtu anaweza kuanguka na asiumie!" Mtoto wa miaka kumi na minne anashangaa ardhi isiyomuumiza. Nilicheka siku ile. Leo sicheki.

Dakika za mwanzo tu, Irungu akafunga bao safi. Tulipiga kelele hadi ndege wakahama. Kisha timu yetu nzima, kwa adabu zote, ikageuka na kuanza kuhamia upande wa pili. Hamse akabeba chupa yake. Wapinzani wakatazamana, refa akaona wazi kwamba vijana wangu wako upande usio wao, na bado akapuliza kipenga. Wakasukuma mpira kwenye lango tupu. Refa huyo nikikutana naye hata msikitini au kanisani, Mungu atanisamehe.

Mama Shirleen alikuwa akikimbia ukingoni, kitambaa kimemtoka kichwani. "Rudini! Rudini! Hapa hakuna mlima!"

"Lakini Mathe, si tumefunga?" Irungu akauliza, mikono kiunoni, haelewi kosa liko wapi.

Tulifunga tena, na miguu ya vijana ikawahamisha tena kabla akili haijafika. Tukapoteza kwa mabao waliyofungwa wakiwa safarini. Wazazi wa upande ule walicheka hadi wakashikana mabega. Mkubwa wetu wa ofisi alikuwa jukwaani pamoja nao, na alicheka pia, hilo nililiona kwa macho yangu haya. Baadaye akamwambia Mama Shirleen, "Watoto wako hawajui hata sheria za mpira."

"Wanajua sheria za ardhi uliyowapa," akamjibu. "Nipe ardhi nyingine uone."

Wenye akili wangeleta tingatinga siku ya pili, wausawazishe uwanja, wahamishe mlingoti, basi. Wetu walikaa mkutano wakaona shida si mteremko. Shida ni watoto kuwa kwenye mteremko. Kwa hivyo mwaka jana wakaanzisha kambi ya malazi nje ya mji, kwenye nyasi, yenye bwawa la kuogelea, na basi linaloondoka alfajiri. Picha zilikuwa nzuri sana. Nani alienda? Wale wachache waliochaguliwa, ambao wazazi wao wanaweza kuwaachilia wiki nzima. Nduta hakwenda, nani angepanga viatu? Dada zake Hibo wadogo hawakwenda, kwa sababu Habibo hakumwona mtu yeyote wa kumwambia usiku binti zake watalala wapi na nani ana ufunguo. Watoto wa Huruma walisikia habari basi likisharudi. Halafu mtu aliyevaa tai anasimama na kusema kambi imepanuka. Imepanuka wapi? Kwenye picha?

Mtu asidhani ninapinga nyasi. Mimi nikiwa kijana nilipigana ndondi juu ya zulia la hoteli na nikamwangusha mtu aliyekuwa na uzito wangu mara mbili. Vitu vizuri ninavipenda. Ninachopinga ni kumpenda mtoto kwa sharti kwamba ahame kwanza.

Na sasa tumeambiwa, kwa mdomo, katika kikao cha chai: Mama Shirleen akiondoka, ukumbi utafungwa hadi ofisi ipate mtunzaji mwingine, na chumba cha nyuma kitarudishiwa viti. Kambi ya Agosti inaanza Jumatatu baada ya yeye kustaafu. Mnaielewa? Uwanja utakuwepo, mto utakuwepo, mlingoti hautaenda popote. Wavulana watacheza hata kama ukumbi umefungwa, wao huvulia shati popote. Ni wasichana watakaofika na kukuta kufuli, na watarudi nyumbani kimya kimya, na mwaka ujao mtu wa tai atasema hawapendi michezo.

Mama Shirleen hakuomba saa ya ukutani wala seti ya sufuria. Aliomba kitu kimoja: ufunguo apewe Hibo. Ndiyo, Hibo yule yule. Leo ni mwalimu wa michezo mwenye cheti chake, anaendesha kambi pamoja nasi kwa kujitolea, na wasichana wakimwona langoni wanaacha kuuliza maswali. Jibu la ofisi lilikuwa "subiri." Mama Shirleen aliuliza mara ya pili. "Subiri." Nimemfahamu mwanamke huyu miaka hiyo yote, nimemwona akibishana na mafuriko na mafuriko yakapunguza sauti. Sikuwahi kumwona akienda kusimama peke yake ndani ya chumba kile akipangusa kioo ambacho tayari kilikuwa safi. Wiki iliyopita nilimwona. Nikaondoka bila kukohoa.

Kwa hivyo wageni wetu, mtaona kwamba ratiba iliyotumwa kwenu mwanzoni inasema mstaafu atakabidhi ufunguo kwa mgeni rasmi kutoka ofisini. Ratiba hiyo imekosewa. Programu hii mliyoshika ndiyo sahihi. Tiffany wa saiba, anayetuchapia karatasi kwa kompyuta, aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nikamwambia piga chapa. Baada ya hotuba, Bi. Wangeci Mureithi atamwita Mwalimu Hibo mbele, na atampa ufunguo mkononi. Habibo atakuwa amekaa mstari wa kwanza. Nduta atakuwepo, na mama wote wa kundi la saa nne na nusu wamefunga vibanda kwa ajili ya tukio hilo. Mgeni rasmi ameombwa kupiga makofi. Akiona ni lazima auchukue ufunguo huo, nafasi ipo, amfuate Hibo na auchukue mbele ya watu hao wote. Kwa kasi ya yule msichana, ninamtakia kila la heri.

Mama Shirleen, asante kwa ndoo, kwa komeo, kwa kuukalia mpira, kwa kila mtoto uliyemuuliza kama amekula. Asante kwa kunituma Machakos. Wafanyakazi wote wa Kingoni wanakuombea afya, usingizi wa kutosha na miguu isiyouma. Pumzika nyumbani kwako kwa raha, na maisha yako yawe mema. Jumatatu usije mapema. Hibo atakuwa ameshafungua.

Laban Mbuthia, kwa niaba ya wafanyakazi wa Ukumbi wa Jamii wa Kingoni