Masega Mapya ya Tabo

Benchi la kijiwe hiki lina miguu mitatu na tofali moja, na saa nane hii ya mchana lilibeba kelele nyingi kuliko watu. Tabo, dereva wa teksi aliyepewa jina hilo kwa kuwa hamalizi mazungumzo bila kuitaja tabo ya gari lake, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, hakuweza hata kukaa. Asubuhi alilipeleka gari gereji lifungwe masega mapya, yale ya kwenye bomba la moshi, yenye vijitundu vipana vya kupitisha moshi haraka huku yakiusafisha. Ya zamani yalikuwa yamejaa masizi, tabo inahema kwa shida, na wakaguzi wa moshi walishalikataa gari mara mbili. Leo saa kumi ndiyo mwisho. Likikataliwa tena linang'olewa namba, na Tabo ana watoto watatu wanaokula kwa usukani huo. Lakini saa sita aliukuta ufunguo juu ya tairi la mbele, mahali fundi anapouacha siku zote kazi ikiisha, na tangu hapo hakushikika.

— Linavuta, jamani! alisema, kahawa ikimmwagikia vidoleni asisikie. Nakanyaga hivi, nashtukia nimeshafika!

— Mimi shahidi, alidakia Mzee Gia, dereva wa lori mstaafu, aliyekaa kiti cha mbele muda wote wa kulijaribu gari. Tumepanda mlima mara saba. Mara ya saba nilishika kofia.

— Si madirisha yalikuwa wazi, mzee wangu? aliuliza Mama Kahawa, akimimina.

— Yalifungwa! Upepo ulitoka kwenye injini!

Kinyozi, aliyemwacha mteja na nusu ya ndevu ili apande nyuma, alisimama kabisa.

— Nyie hamjui sayansi. Moshi ndio unaoizungusha tabo. Zamani moshi ulikuwa unabanwa, kama mtu mwenye mafua. Sasa pua imezibuka!

— Hapo umenena, alisema Tabo, akimpiga begani.

— Sijamaliza! Ule moshi ukipita kwenye masega mapya unasafishwa mpaka unarudi kuwa petroli. Nimeona kwa macho yangu mshale wa tangi ukipanda!

— Ulipanda tukiwa mlimani, alikiri Tabo.

— Si ndiyo! Mlima ndio unaoukamua!

Mzee Gia hakukubali kupitwa.

— Petroli ni jambo dogo. Mimi goti langu hili, la miaka kumi na moja, limepona leo mlimani. Huo moshi ni dawa.

— Basi nisogezee birika langu hapo nyuma, mwanangu, alisema Mama Kahawa. Huenda kahawa ikajichemsha yenyewe.

Walicheka hadi benchi likayumba. Tabo alifurahi mno, furaha ya mtu aliyekaa wiki mbili bila usingizi. Aliagiza kahawa ya watu wote mara ya tatu, mpaka birika likabaki na masalia tu, akawaambia kwamba saa tisa anakwenda kwa wakaguzi kifua mbele, na yule mkaguzi mwenye miwani atie pua ndani ya bomba lenyewe akitaka.

Ndipo akatokea fundi, dada mmoja mwenye ovaroli na grisi hadi viwikoni, akitembea haraka. Kwapani alibana kitu kizito kilichofungwa gazeti.

— Kaka, nani kakwambia uchukue gari?

— Si nimekuta ufunguo juu ya tairi, dada!

— Nimeuacha wenzangu waweze kulisogeza. Gasketi niliyokuwa nayo, ya kuzibia maungio ya bomba, haikuenea, nikaenda kutafuta nyingine. Hata nati moja sijalegeza. Masega yako ndiyo haya.

Alifunua gazeti. Yalikuwa yanang'aa, mapya, hayajagusa moshi wa mtu yeyote.

Nusu saa tu baadaye, Tabo angekwenda mwenyewe, akitabasamu, kuwapelekea wakaguzi masizi yaleyale.

Fundi aliinama nyuma ya gari, akasogeza kiganja karibu na bomba, akakirudisha upesi.

— Linawaka moto! Mmelipeleka wapi?

— Mlimani, alisema Kinyozi, sauti ndogo.

— Mara ngapi?

Wote wakamtazama Mama Kahawa, ambaye hakuwemo garini.

— Saba, mwanangu, akasema yeye.

Fundi akahesabu kwa vidole. Bomba lipoe nusu saa. Kufunga nusu saa. Kutoka hapo hadi kwa wakaguzi, robo saa.

— Tutawahi, dada? aliuliza Tabo.

— Tutawahi. Mzee, lipepee bomba kwa hilo gazeti, na wewe kinyozi ukamalize ndevu za watu. Ila kwanza nielezeni kitu kimoja. Hizo nguvu mlizozisikia zilitoka wapi?

Mzee Gia alichuchumaa nyuma ya bomba, akapepea kwa bidii.

— Lakini lilivuta, alisema, bila kugeuka. Haki ya Mungu, lilivuta.