Chuo cha Ephraim Kinahama Ligi

Nyuma ya jengo la wafanyakazi pale Murabba, jijini Riyadh, kuna kiti kirefu kilichong'olewa kwenye Hiace kuukuu na kuegemezwa ukutani. Wenyewe hupaita Baze. Kila Ijumaa baada ya alasiri, ukuta ukishaanza kupoa, Wakenya wa mtaa huo huketi hapo. Chupa ya kahawa huletwa na Danson, dereva wa lori la maji, ambaye wote humwita Tanki. Mwenye neno la mwisho huwa ni Japheth, aitwaye Wakili. Shule ya sheria hajawahi kuiona, lakini ikama ya mtu, kile kibali cha ukaazi, ikipata shida, kwake ndiko anakokimbilia. Na kwa miaka miwili sasa nafasi ya katikati, ile ambayo sponji yake bado ni nzima, ni ya Norman, gadi wa jengo la ofisi. Hakuipata kwa umri wala kwa cheo. Aliipata kwa sababu mwanawe, Ephraim, anacheza mpira wa Kimarekani katika chuo kikuu huko huko Marekani.

Ephraim alianza na raga akiwa shuleni Vihiga. Kocha mmoja wa ng'ambo akamwona kwenye video, akamtafutia nafasi, chuo kikamlipia kila kitu. Sasa anasimama mstari wa mbele na helmeti kichwani, kazi yake kumkinga mrushaji mpira asiangushwe. Nafasi yenyewe huitwa gadi. Norman aliposikia hilo mara ya kwanza aliwaambia wenzake, "Basi ni kazi ya ukoo." Tangu hapo hajachoka kulirudia.

Ijumaa hiyo alifika amechelewa, simu mkononi.

— Chuo cha Ephraim kinahama ligi, akasema kabla hajaketi.

— Kinahamia mji gani? akauliza Mike, dereva wa familia moja ya mtaa wa Naseem.

— Hakihami mji. Chuo kiko palepale. Kinachobadilika ni ligi. Kilikuwa na wenzake kumi kwenye ligi yao ndogo, sasa kimeitwa ligi kubwa. Wengine nao wameondoka. Ile ya zamani imebaki mifupa.

Wakili akaweka kikombe chini, kama afanyavyo akitaka kusikilizwa.

— Hapo hakuna siri. Ni kubadilisha kafili, yule mwajiri anayekudhamini. Ligi ya zamani ilikuwa kafili mdogo, ana kiduka chake kimoja. Amekuja kafili mwenye majumba, anasema njoo kwangu. Wewe ungekataa?

— Na yule wa kwanza amewapa ruhusa? akauliza Mike.

— Kuna ruhusa na kuna kulipa faini. Mwenye majumba analipa faini, halas, yamekwisha.

Tanki alikuwa akimimina kahawa. Alimwonea Wakili huruma.

— Wewe unaona karatasi tu. Mimi naona jua.

— Jua gani tena?

— Si Baba Ephraim alituambia siku zile kwamba siku hizi chuo cha bahari ya huku kinacheza ligi moja na chuo cha bahari ya kule? Safari ya ndege ya saa tano, sita. Kwa nini? Jua likizama huku, kule bado mchana. Wakipanga mechi vizuri, televisheni haizimwi toka asubuhi mpaka watu walale. Wazee walisema mwenda pole hajikwai.

— Hiyo methali inaingia wapi hapo? akauliza Wakili.

— Inaingia kwenye ndege, akajibu Tanki, na hakuna aliyejua pa kumkamatia.

Mike akasogea mbele.

— Sasa sikizeni. Ligi kubwa zinameza ndogo. Zitabaki nne, zitabaki mbili, zitabaki moja. Hiyo moja itacheza na nani? Lazima itafute watu nje. Itakuja hapa. Fainali itakuwa Jeddah.

— Jeddah kwa nini na Riyadh ndio mji mkuu? akauliza Wakili.

— Jeddah kuna bahari. Hata mbio za magari zinafanywa Jeddah. Na ukishafika Jeddah, ng'ambo ya pili ni Afrika. Upanuzi hauna breki, bana. Kabla Ephraim hajamaliza chuo, Mbale, kwao Vihiga, itakuwa na timu kwenye ligi hiyo.

Norman alicheka mpaka machozi, lakini moyoni aliiona kweli: uwanja wa Mbale, mvua ya saa tisa, na Ephraim amesimama mstari wa mbele kama mlango wa benki. Kwa miaka saba amekaa kwenye kibanda cha vioo akifungua na kufunga geti, watu wakipita bila kujua jina lake. Hapa Baze alikuwa baba wa mtu.

— Lakini bado sijasema lenyewe, akasema. Katika vurugu hizo za kuhama, kocha wake amechukuliwa na chuo kingine, kikubwa zaidi, ligi kubwa zaidi. Anataka kuondoka na Ephraim. Kijana ameniuliza aende au abaki. Anataka jibu leo, kocha anampigia asubuhi hii ya kwao.

Kijiwe kikachangamka upya.

— Aende, akasema Wakili. Mtu hafuati kafili, anafuata msimamizi anayemjua. Na siku hizi wachezaji wanaruhusiwa kuhama.

— Aende, akasema Mike. Kule watamwona hata kwa runinga za uwanja wa ndege.

— Aende mbio, akasema Tanki. Haraka haraka haina baraka, lakini baraka nayo ikichelewa inachukuliwa na mwingine.

Norman akafungua simu. Akaandika, *Nenda mwanangu, usiangalie nyuma.* Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutuma.

Kwenye sanduku la mikate, pembeni, alikuwepo mtu ambaye hakuwa amesema lolote. Aliitwa Noah. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwao kwa miaka kumi na minane kabla ya kuja kupakia mizigo ghalani Jeddah, na kampuni ilikuwa imemhamishia Riyadh wiki ile. Hiyo ilikuwa Ijumaa yake ya kwanza Baze.

— Samahani, Baba Ephraim, akasema taratibu. Hapo chuoni anasomea nini?

Norman akashusha simu. Aliangalia kahawa yake. Wenzake wakamgeukia, wakingoja, kwa sababu kila swali kuhusu Ephraim lilikuwa na jibu lake: uzito wake, jezi yake namba sitini na nane, jina la jirani yake kwenye mstari.

— Anasomea..., akaanza. Anachezea timu ya...

Wakili akatazama chini. Tanki akatikisa chupa ya kahawa kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

— Hatujawahi kuuliza, akasema Mike, na ile "hatu" ilikuwa ya kumsaidia Norman kubeba aibu hiyo.

Norman aliinuka, akaenda mpaka kona ya jengo, akampigia mkewe. Truphena anafanya kazi za nyumbani Aziziya, Jeddah. Ijumaa wenye nyumba huenda kwa bibi yao, naye hupata saa moja ya kupumua. Alipokea haraka.

— Mama Ephraim, mtoto anasomea nini?

Sauti yake ikaja bila hasira, jambo ambalo lilimuuma Norman zaidi.

— Uhandisi wa maji. Mwaka wa pili. Amekuambia mara mbili nikiwa kwenye laini. Mara zote mbili ulimuuliza walishinda ngapi.

— Na ana alama gani?

— Nzuri. Mwalimu wake amemweka kwenye mradi. Muulize mwenyewe, Norman. Mimi amenieleza, lakini si mimi anayetaka kumweleza, ni wewe.

Norman alikata simu, akasimama kidogo mkono ukiwa ukutani. Akaufuta ule ujumbe neno moja moja. Halafu akapiga Marekani.

Ephraim alipokea kwa sauti ya mtu aliyekuwa akingoja.

— Baba. Umeamua?

— Bado. Huko kocha anakokwenda, uhandisi wa maji upo?

Kijana akashangaa.

— Haupo. Ningeanza somo lingine. Nani amekuambia kuhusu maji?

— Mama yako. Na ni aibu yangu, si yake. Wewe unataka nini?

— Nilidhani unataka niende. Wenzako hapo wote wangefurahi.

— Wenzangu hawafanyi mtihani wako. Nimekuuliza wewe.

— Nataka kubaki, Baba. Hii ligi mpya yenyewe ni ngumu, huenda nisipangwe msimu mzima. Lakini nikibaki, nitamaliza.

— Basi baki. Mwambie kocha asante, mwambie baba yako amemshukuru sana.

Alisikia Ephraim akishusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu mkubwa. Zamani wangeagana hapo. Norman hakuaga.

— Huo mradi ni wa nini?

— Utachoka, Baba. Ni mabomba tu.

— Nimekaa kwenye kibanda miaka saba. Mimi sichoki. Nieleze.

Ephraim akaanza kwa tahadhari, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja. Kuna kijiji kidogo karibu na chuo, kisima chao kimeharibika. Wanafunzi wanne wamepewa kazi ya kuchora namna ya kuyatoa maji kwenye chemchemi ya mlimani bila mashine, yateremke yenyewe. Mchoro uliokubaliwa ni wake. Sauti ikapanda, maneno yakaongezeka kasi, Kiswahili kikaingiliana na Kiingereza, na baba mtu akapoteza nusu ya maelezo na kuishika nusu nyingine kwa nguvu.

Pale Baze walikuwa wakimsikiliza, hawakujifanya hawasikii. Tanki akamjazia Noah kikombe mpaka juu. Wakili akauliza kwa kichwa tu, kaenda au kabaki, na Norman akamwonyesha kiganja kilicholala: kabaki. Kisha, huku simu ikiwa bado sikioni, akasema kwa sauti ya kawaida ambayo wote waliisikia:

— Anasomea uhandisi wa maji. Mchoro wake ndio uliochaguliwa.

Alikuwa amesimama wima kabisa. Akawageuzia mgongo tena, akajibana kwenye kona palipo na mtandao mzuri.

— Ehe, nimekupata, akamwambia mwanawe. Sasa hayo maji yakishafika pale kwenye tangi, yanakwenda wapi?