Ragnhild Öberg na Ukurasa Usiokuwepo

Tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, Ragnhild Öberg atakabidhi ufunguo wa ghala la vitabu. Sisi wa maktaba ya chuo tutabaki bila mtu wa kutuuliza: "Umekisoma mwenyewe, au umesimuliwa?"

Alikuja mwaka 1986 akiwa msaidizi wa kupiga chapa. Tangu 1994 amewafundisha wanafunzi kutaja vyanzo vyao: nani kasema, wapi, ukurasa wa ngapi. Somo lilikuwa la hiari, lakini viti havikutosha na wengine waliketi madirishani. Aliwaambia koma na mabano yana mwongozo wake. Kazi yao wanafunzi ni kumwezesha msomaji kwenda rafuni, kufungua kitabu na kuona kwa macho yake.

Hata kwenye kahawa ya saa tisa hakulegeza kamba. Mikate yake ya iliki ilikuja na kikaratasi: "Mapishi ni ya mama mkwe, daftari la bluu, uk. 12. Chumvi iliyozidi ni yangu." Siku moja nilisimulia kichekesho cha watu nikakifanya changu. Alicheka mpaka machozi, kisha akanitajia mwenyewe na mwaka. Sijarudia tena.

Lakini fahari yetu kubwa ni ya mwaka 2011.

Kwetu, wiki tatu kabla ya mtu kutetea tasnifu yake ya udaktari, nakala hupigiliwa msumari ukutani mbele ya watu. Ikishapigiliwa, haiguswi hata nukta. Tuva Ekdahl, aliyeandika juu ya wawindaji wa sili wa pwani ya kaskazini, alikuwa amebakiza siku mbili kabla ya msumari na keki imeshaagizwa, alipomletea Ragnhild orodha ya vyanzo aipitie. Sura ya tatu nzima ilisimama juu ya tanbihi moja: ripoti ya mkaguzi wa minara ya taa ya mwaka 1893, ukurasa wa 214. Ragnhild akashuka ghalani, akarudi nayo. Ilikuwa na kurasa 180.

"Lakini wote wameutaja!" Tuva akasema. "Vitabu sita, Ragnhild!"

"Basi wote sita hawakushuka ngazi," akajibu. "Na wewe ni wa saba."

Msimamizi wa Tuva alitaka mambo yaendelee, maana ripoti ile nani angeifungua? Tuva alilia sana, kisha akaahirisha. Ragnhild naye akaahidi kutafuta kosa lilikotoka. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, lakini ya kosa lililonakiliwa ni ndefu. Wiki mbili alirudi nyuma kitabu kwa kitabu, kila mmoja kanakili kwa mwenzake, mpaka akafika kile cha kwanza, cha mwaka 1987. Tanbihi zake zilipigwa chapa na msaidizi mpya wa maktaba: yeye mwenyewe.

Kadi ambazo mwandishi aliandikia vyanzo vyake zilikuwa bado kwenye jalada. Ragnhild alikuwa amechukua mwaka wa kadi moja na ukurasa wa kadi iliyofuata. Ukurasa wa 214 ulikuwa wa ripoti nyingine, tena ya pwani ya kusini.

Mwandishi alikwisha kufariki. Angerudisha jalada rafuni, nani angejua? Mkuu wetu wa wakati huo alimshauri hivyo hivyo. Asubuhi iliyofuata Ragnhild alisimama mbele yetu sote akasema, "Kosa ni langu, na limekula kazi ya watu miaka ishirini na minne." Aliandika hivyo hivyo kwenye jarida, kwa jina lake kamili, akijua huenda akanyang'anywa somo lake. Hakunyang'anywa. Muhula uliofuata alianza kipindi cha kwanza kwa kuwaonyesha wanafunzi kadi zile mbili.

Tuva aliiandika upya sura ya tatu, na baada ya miezi saba tulisikia nyundo ikigonga. Leo ni mhadhiri. Tasnifu yake, ukurasa wa 131, tanbihi ya 88, inasema: "Kosa hili limegunduliwa na Ragnhild Öberg. Lilifanywa na Ragnhild Öberg. Asingelisema, nami ningelirithisha."

Ragnhild, asante. Ustaafu wako uwe mwema na afya isikupungukie. Unatuacha tukiwa wakweli kuliko ulivyotukuta.

Sixten Lindmark, dawati la maulizo