Mama Gaudensia, Sauti ya Mtoto wa Stesheni

Miaka kumi na moja Mama Gaudensia amesimama mbele ya maikrofoni ile ile, na leo Ijumaa, tarehe 28 Septemba 2007, anaiaga. Studio yetu ya Tottenham, hapa London, ghorofani juu ya duka la mapazia, imeniomba mimi Mzee Douglas nitoe wasifu wake. Wamechagua vizuri. Wapo hapa waliosoma kunishinda, lakini hakuna aliyesimama karibu naye kama mimi, na kichwa changu hakijasahau kitu.

Alikuja mwaka 1996, mtu wa Bukavu, karatasi zake za ukimbizi bado ziko Croydon, kwa watu wa uhamiaji, zinangoja uamuzi. Alfajiri alisafisha maofisi, mchana akaja kwetu. Kazi yetu ni kuitia Kiswahili tamthilia ya watoto ya Kihispania, Stesheni ya Mwezi, inayoonyeshwa na televisheni moja ya Nairobi kila jioni saa kumi na moja. Kwa wasioijua, ni hivi: watoto wasio na wazazi wanaishi kwenye stesheni iliyoachwa, nyasi zimeota relini, nao wanangoja treni. Wanaimba wakifua, wanaimba wakigombana, wanaimba hata wakila. Treni haiji. Kesho yake wanaimba tena.

Gaudensia alikuwa Pilar, msichana wa miaka sita, na yeye mwenyewe alikuwa anakaribia hamsini. Mimi nilikuwa mkuu wa stesheni, tena mbwa, tena mvua. Mvua yangu mpaka leo haijapata mpinzani London nzima.

Siku ya kwanza alivua viatu. Akakunja magoti kidogo, akainua kidevu, kikatoka kisauti cha mtoto aliyeamka sasa hivi. Rasik, mwenye studio, mzaliwa wa Nairobi, akachungulia kwenye kioo: "Nani ameleta mtoto huku?" Tangu siku hiyo, ukiviona viatu vya Gaudensia mlangoni, ujue Pilar yumo ndani. Pilar alivyokuwa akikua kwenye picha, Gaudensia naye aliishusha sauti kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, bila kuambiwa na mtu. Pilar alipofika miaka kumi na tano, Gaudensia akaingia na viatu vyake miguuni. Mimi macho yaliniwasha. Mablanketi tuliyopigilia ukutani kuzuia mwangwi yana vumbi sana.

Mistari yangu alinisomea yeye sikioni, maana mimi na karatasi hatupatani. Alisoma mara moja, nikaikamata. "Papa Douglas, kichwa yako ni kaseti," alikuwa akiniambia. Ni kweli.

Sasa niseme habari ya Chancelle. Gaudensia alipokimbia kwao alimwacha mjukuu mdogo, akalelewa Nairobi na shangazi yake Armelle. Mtoto yule amemjua bibi yake kupitia Pilar, kila jioni, akiwa amekaa chini mbele ya televisheni. Lakini kanda zetu huchukua miezi minane kufika hewani. Gaudensia akishikwa na mafua Januari, simu inalia Septemba: "Koko, pole, nimesikia unaumwa. Umepona?" Koko ndivyo wanavyowaita bibi zao. Naye hujibu, "Nimepona, mama, usijali," wala hakumwambia hata siku moja kwamba alipona zamani. Nikirudi nyumbani kwa basi, dirisha limejaa ukungu, huwa nawaza sauti zetu zote zilizo njiani, zinatembea mahali fulani juu ya mawingu, hazina haraka, hazijafika.

Baridi ya mwaka huu ilimshika kifuani, na ilipoondoka iliondoka na sauti yake ya juu. Ikabaki ya chini, yenye mchangamchanga. Na iliyobaki kurekodiwa ilikuwa sehemu ya mwisho kabisa: treni inakuja, Pilar anaimba wimbo wa kuaga. Wiki iliyopita Rasik akamleta Makena, mwanafunzi, mwimbaji wa kwaya, sauti kama maji ya kunywa. Sina ugomvi na Makena. Ila Gaudensia alikaa kwenye kiti, akasema polepole, "Chancelle atasikia mutu mwingine. Atajua nimekufa."

Basi mimi nikaitia filimbi yangu mfukoni. Bila filimbi ya mkuu wa stesheni treni haiondoki, na treni isipoondoka tamthilia haiishi.

"Mzee, wateja wanangoja," Rasik akasema.

"Wangoje na treni."

"Mzee Douglas, wacha mambo ya kitoto!"

"Mambo ya kitoto ndiyo unayonilipia."

Nikakaa. Chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Wanaonijua wanajua.

Aliyetutoa pale ni Gaudensia mwenyewe. Alisimama, akavua viatu, akaenda kwenye maikrofoni. "Rasik, inua sauti ya ule mtoto mwenyewe. Tumemufunika myaka yote. Muache aimbe. Mimi nitasema tu."

Tukafanya hivyo. Yule msichana wa Kihispania akaimba kwa sauti yake, ambayo watazamaji wetu hawajaisikia hata mara moja, na chini yake Gaudensia akayasema maneno kwa Kiswahili, taratibu, kwa sauti yake ya leo, kama bibi anayemsindikiza mtoto huku amemshika mkono. Hata mabasi barabarani yalinyamaza. Makena alikuwa akifuta machozi. Nikaipuliza filimbi, na nikisema haijawahi kupulizwa vile, sijisifu, Rasik anayo kwenye kanda.

Kanda hiyo itaonyeshwa Nairobi mwakani, mwezi wa Mei. Lakini karatasi za safari za Gaudensia zimetoka, na Jumapili anapanda ndege. Atafika kabla ya sauti yake. Mei, saa kumi na moja jioni, Pilar atakapoaga, Chancelle hatahitaji kupiga simu kuuliza. Atageuza shingo tu.

Mama Gaudensia, studio nzima inakushukuru, na mimi zaidi, kwa kila mstari uliouweka sikioni mwangu. Uwe na siku ndefu, tulivu, zenye nyimbo. Na ukifika kwa Chancelle, vua viatu.