Fomu ya Macho ya Auma

Kijiwe cha Nthambi, muuza kahawa, kipo Kaloleni, Voi, pale nyumba za zamani za reli zinapoishia na seng'enge ya uwanja inapoanza. Kina benchi moja, jiko la makaa, birika la kahawa ya tangawizi na wateja watatu wasiokosa. Mzee Jeconia aliongoza treni kwa bendera na taa mpaka akastaafu, kwa hivyo hapa anaitwa Signo. Mutinda anachora mabango ya maduka, ni Rangi. Mwandawiro, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, ni Chea hata kwa mkewe. Jumatano iliyopita, saa kumi na dakika kumi, niliketi kati yao nikiwa na fomu. Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Nne, na mjukuu wa Signo, Auma, yumo darasani mwangu. Mhudumu wa macho aliyetutembelea shuleni alikuta haoni mbali. Gari la kuwapeleka watoto kupimwa miwani lingeondoka kesho yake saa mbili asubuhi, na bila sahihi ya mlezi Auma angebaki. Nilimpa Signo fomu, akaitandika chini ya kikombe chake.

— Mwalimu, huyu mtoto hana shida. Juzi ameokota sindano ya nyanya yake sakafuni, sisi wote tumeshindwa.

— Vya karibu anaviona, Mzee. Ni mbali ndiko haoni. Ubaoni ananakili kwa daftari la jirani.

— Basi mwandiko wako ni mdogo.

Nilimwambia herufi zangu zina urefu wa sentimita nne, nimezipima kwa rula. Nthambi peke yake ndiye aliyecheka.

Chea alisema ni simu. Nikamkumbusha kwamba Auma hana simu, na ile ya babu yake ni ya kubonyeza. Akajibu kwamba si lazima uishike. Ule mwanga unaruka, ukikaa karibu na mwenye simu umeisha. Signo hakukubali. Yeye aliilaumu treni mpya. Ile yao ya zamani ilipita polepole, mtoto akahesabu mabehewa mpaka la mwisho na akapungiwa mkono. Hii ya sasa inapita juu kama imekasirika, jicho linaanza kuhesabu, linakata tamaa, na jicho likishakata tamaa mara nyingi linazoea.

Rangi alimsubiri amalize kahawa.

— Jicho ni mbuzi, akasema. Kwetu nilichunga. Mbuzi aliyeachiwa hufika hata ng'ambo ya korongo. Lakini mfunge kwa kamba fupi, atajua tu majani ya pale kwenye kigingi. Hawa watoto wamefungwa. Ukuta, kitabu, ukuta.

Kwa mara ya kwanza nilitaka kukubaliana na mtu pale. Nikaeleza alichosema yule mhudumu, na nilijitahidi nisiongeze neno: kwamba mtoto anayecheza nje mchana, kila siku, kwa muda mrefu, ana nafasi nzuri zaidi ya kutopata tatizo hili. Kwa Auma miwani ni lazima, lakini nje ni muhimu vilevile, na kwa wadogo zake ni muhimu zaidi.

— Nje wapi? akauliza Nthambi, bila kuondoa macho kwenye jiko.

Nje yenyewe ilikuwa nyuma ya migongo yetu, uwanjani. Novemba, mvua zilipoanza, kamati ilipanda nyasi na miarobaini thelathini na miwili katika uwanja huo, ikauzungushia seng'enge na kufunga lango mpaka nyasi zishike. Sasa ni Mei. Nyasi zimeshika, miarobaini inanifika kiunoni, na lango bado limefungwa. Watoto wanacheza katika kijia kati ya nyumba. Nimekipima kwa hatua zangu: tano kwa upana, na katikati kuna kamba za nguo.

Chea alisema uwanja unapumzika. Nyasi ni kama mgonjwa aliyetoka hospitalini, huwezi kumrukia. Na kama macho yanataka kijani, kijani kile pale, kitazamwe kupitia seng'enge, hakuna anayekataza kutazama. Rangi akadakia: kama kijani ndiyo dawa, apewe madebe mawili, ataupaka ukuta wa darasa langu kwa siku moja na ubao pia. Nikasema si rangi, ni mwanga wa nje na kutazama mbali. Nilikuwa nimeanza kuongea haraka, kama ninavyofanya nikiona saa inakimbia.

Wakati huo Auma alitokea kwenye kona, mkoba begani. Alitusogelea sana kabla ya kutusalimu. Nadhani ndipo alipotutambua.

— Tumalize haya maneno, akasema Signo.

Reli haikumpa mtu bendera kabla ya kumpima macho, na Signo ameendeleza desturi hiyo hapo kijiweni. Kila mtoto wa nyumba zile amesimamishwa kando ya jiko na kuambiwa asome kibao kilicho langoni mwa uwanja, hatua sabini kutoka hapo. Yeye hukipa kibao mgongo na kumtazama mtoto usoni, kwa maana mtu anayebahatisha, anasema, hukunja sura. Hakuna mtoto aliyewahi kuanguka mtihani huo.

Auma alisimama wima. Hakukunja sura.

— Uwanja wa Watoto, Kaloleni. Karibuni.

— Umesikia, Mwalimu? Hata mstari wa chini kabisa ameusoma.

Nilikitazama kibao. Rangi alikuwa akikwangua rangi nyeupe kwenye ukucha wa kidole gumba. Chea alikiangalia kikombe chake, na kikombe kilikuwa kitupu. Signo alisubiri tumpongeze, akaona hatumwangalii, akageuka mwenyewe.

USIKANYAGE NYASI. NI AMRI.

Rangi ndiye aliyeyafuta maneno ya zamani na kukichora upya, mwezi wa Februari, kwa agizo la kamati. Signo alikuwepo siku hiyo. Ndiye aliyeshika ngazi.

Mzee alikitazama kibao kwa muda mrefu kuliko inavyochukua kukisoma. Kisha akainua kikombe, akaivuta fomu, akanyoosha mkono kuelekea kwangu bila kuniangalia, nikampa kalamu.

— Babu, nimekosea? akauliza Auma. Kwani siku hizi kimeandikwa nini?

Aliuliza akitutazama mmoja mmoja, kutoka mwisho mmoja wa benchi hadi mwingine. Nthambi akainamisha birika kumwongezea Chea, na hakikutoka kitu.