Noémie Delbreuil wa Maubrac, Aliyepita Lango Kuu

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi wa kampuni mliotufungulia lango asubuhi hii, mimi ni Lydie, binti wa Samuel, na marehemu ni shangazi yangu, dada wa pekee wa baba yangu, nami nimepewa kazi ya kusoma maisha yake, kazi ambayo yeye mwenyewe angeikosoa tangu mstari wa kwanza.

Bi. Noémie Castaing, wa ukoo wa Delbreuil, alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, katika chumba cha juu cha jumba hilo mnaloliona nyuma yangu, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Abel Delbreuil na Bi. Esther, katika ukoo wa Delbreuil ulioshika shamba la Maubrac tangu mwaka 1751, Waprotestanti ambao enzi za wafalme walinyimwa nafasi katika makaburi ya parokia, wakazika watu wao hapa hapa, chini ya misonobari hii, katikati ya mizabibu.

Alisoma shule ya kijiji, kisha sekondari mjini Libourne, na mwaka 1955 akaingia chuo cha kilimo cha mizabibu, msichana pekee darasani, wakamtania mwaka mzima, naye akawanyamazisha kwa matokeo ya mtihani. Mwaka 1957 alianza kazi katika ghala la mapipa kando ya baba yake, na kuanzia 1968 hadi 1984 hakuna mvinyo uliotiwa kwenye chupa Maubrac bila yeye kuuonja na kuukubali.

Tarehe 3 Februari 1962 alifunga ndoa na Bwana Lucien Castaing, fundi mapipa, Mkatoliki, ambaye mama yake alilia kanisani kwamba mwanawe atakuja kuzikwa shambani kama mbwa, na bibi harusi akamjibu mkwewe kwa adabu zote kwamba mbwa wa Maubrac wana sehemu yao, nyuma ya zizi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Judith mwaka 1964 na Étienne mwaka 1967.

Babu Abel alifariki tarehe 18 Novemba 1979, na hapa nitasema wazi, kwa ruhusa ya baba yangu aliyeketi kiti cha mbele, kwamba sheria yetu huwagawia watoto sawa kwa sawa, na haimlazimishi yeyote kubaki katika mali ya pamoja. Baba alikuwa mhandisi Toulouse, alitaka nusu yake, shangazi hakuwa na uwezo wa kuinunua, na tarehe 9 Mei 1984 Maubrac ikauzwa kwa kampuni ya bima ya Paris, jumba, ghala na mizabibu yote, na iliuma, jamani, iliuma kweli.

Siku ya kutia saini, mabwana wa kampuni waliomba mifupa ya wazee ihamishiwe makaburi ya kijiji, kwa gharama zao na kwa heshima zote, ili wapande mizabibu hapa tuliposimama. Shangazi akaweka kalamu chini.

“Wanaohamia Maubrac ni ninyi,” akasema. “Wa kwetu wamelala, waacheni. Na tukija kuwaona tutapita lango kuu, si mlango wa matrekta.”

Sheria ilikuwa upande wake, kwa kuwa kaburi la familia haliuzwi pamoja na shamba, na njia ya kulifikia hubaki ya familia daima, basi wakakubali, naye ndipo akasaini.

Alihamia nyumba ndogo inayotazamana na lango, akafanya kazi katika ushirika wa mvinyo hadi alipostaafu mwaka 1998, na kila Jumapili baada ya ibada alipita lango kuu na mkoba wake wenye mkasi wa kupogolea, akienda, alivyosema mwenyewe, kusafisha makaburi. Njia ni fupi, lakini shangazi aliimaliza kwa saa nzima, akisimama kila mstari wa mizabibu, akigusa majani, na wafanyakazi waliopo hapa ni mashahidi wa swali lake, “Huu nao kapogoa nani, kinyozi?” Shamba lilikuwa la kampuni, lakini kila msimamizi wao mpya kabla ya kumwogopa mkurugenzi alijifunza kwanza kumwogopa shangazi.

Kwa miaka kumi na moja hakusema na baba yangu. Jumapili moja ya mwaka 1995 baba alikuja akasimama langoni, naye shangazi akamkabidhi mkoba aubebe, wakapita pamoja, na tangu siku hiyo hadi juzi mkoba huo umebebwa na baba.

Bwana Lucien alipofariki tarehe 12 Oktoba 2006, kibali cha mkuu wa mkoa cha kuzika hapa kilikosekana, kwa sababu udongo ulikuwa haujapimwa na mtaalamu wa maji ya ardhini, ikabidi azikwe makaburi ya kijiji, kule barabarani. Shangazi alilia, kisha akafuta machozi, akatuambia, “Mwacheni hapo kwa muda, atakuja nikija mimi,” na kabla mwaka haujaisha mtaalamu alikuwa amekuja, amepima, ameridhika.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021, daktari akamkataza matembezi, yeye akaenda kwa fimbo, na fimbo iliposhindwa akaenda kwa kiti cha magurudumu, Judith akisukuma. Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumatatu, tarehe 6 Februari 2023, msimu wa kupogoa, dirisha likiwa wazi kwa amri yake. Kibali kilifika Jumatano, baada ya Judith kukataa kuondoka ofisini bila hicho, na jana tumemleta Bwana Lucien, ambaye yuko hapa tayari anamsubiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa ushirika, majirani walioleta supu bila kuitwa, na wapogoaji walioacha kazi leo, ingawa yeye angewarudisha mistarini.

Mkoba wake huu hapa, mkasi umo ndani, na hatumziki nao. Jumapili ijayo baada ya ibada baba ataubeba, nasi tutapita lango kuu.

Pumzika, shangazi. Uko kwako.