Daktari Sahani na Swali la Mama Muuza Vitambaa

Marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimwita Daktari Sahani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa nne wa fundi saa. Shangazi wanasema utotoni alifungua saa ya mteja ili aone "kinachosema tiki". Babu hakumchapa, alimwambia tu airudishe ilivyokuwa. Alishindwa.

Alimaliza sekondari mwaka 1976, akahitimu udaktari mwaka 1984. Mwaka 1991 alipangiwa wodi ya saratani, akakaa huko mpaka alipostaafu mwaka 2017.

Jina la Sahani alilipata mwaka 1994. Mama mmoja muuza vitambaa alizidi kukonda, ingawa uvimbe wake ulikuwa unapungua. Akamuuliza, "Daktari, nile nini?"

"Kula vizuri tu, mama."

Yule mama akacheka. "Vizuri ndiyo nini? Nyama naisikia kama msumari mdomoni."

Baba aliwauliza madaktari wenzake, akawauliza wauguzi. Wote walitupiana mpira. Mtaalamu wa lishe alikuwa mmoja hospitali nzima, na hakuna aliyewahi kumwita wodini. Baba akamfuata ofisini, akavuta kiti, akasema, "Nifundishe."

Tangu hapo wagonjwa wakawa wanapimwa uzito, na baba akichungulia kila sahani inayorudi jikoni: kimebaki nini, na kwa nini? Wenye vidonda mdomoni wakapozewa supu. Walioshindwa mlo mzima wakapewa kidogo kidogo. Yule mama alipona, na leo yuko nasi hapa.

Alimwoa mama yetu, mwalimu wa hesabu, tarehe 14 Desemba 1985. Mezani alituhoji kwa nini tumebakiza chakula, hadi mama akasema, "Baba watoto, hapa si wodini!"

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Alipowekewa mrija wa kulishia, alimuuliza muuguzi kwa sauti ya kukwaruza, "Unanipa nini, na kwa nini kiasi hicho?" Muuguzi yule akamweleza hatua kwa hatua, bila kubabaika. Baba akamgeukia mama, akatabasamu. "Huyu anajua. Sasa naweza kusinzia."

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada zake wawili.

Baba, kazi umeifanya. Pumzika kwa amani.